Sauti ya Dereva

Katika filamu ile wanaume wote wana sauti moja. Afande wa kizuizi cha barabarani, tajiri wa magendo, rafiki msaliti, daktari anayetoa risasi, dereva wa lori, na hata maiti, ambaye kabla ya kuwa maiti alipewa sentensi mbili: wote sita ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa fundi redio wa mtaa wetu. Mbwa wa lindo pia alikuwa yeye. Mwishoni majina yanapopita, ametajwa mwenye lori, ametajwa mpishi, limetajwa hata duka lililoazimisha miwani ya jua. Fundi hakutajwa. Mbwa naye hakutajwa, kwa hiyo fundi alikuwa akisema hawezi kulalamika, maana wametendewa sawa.

Mtaani tulimwita Redio. Jina alilipata ujanani, nusu kwa sababu ya kazi yake, nusu kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa na sauti nene, iliyonyooka, ya mtu anayesoma taarifa ya habari hata pale anapoomba apitishiwe chumvi. Alipofika miaka sitini na moja madaktari walimkuta na uvimbe kooni, wakakata walichokata, wakamrudisha nyumbani na mnong'ono mkavu kama karatasi inayokunjwa. Jina la Redio likabaki. Mtaa haukuona sababu ya kuhangaika kulibadilisha.

Filamu yenyewe iliitwa Saa Elfu Moja. Ilihusu saa za mkono zinazovushwa mpakani zikiwa zimefichwa ndani ya miche ya sabuni. Aliyeitengeneza alikuwa mpiga picha za harusi na za pasipoti ambaye alirithi kiwanja, na badala ya kujenga kama watu wenye akili timamu, akakiuza akanunua kamera ya sinema iliyokwishatumika. Walimwita Kata, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Saa elfu moja hazikupatikana. Zilipatikana kumi na moja, zote za kuazima isipokuwa moja ya Kata mwenyewe, ambaye mara kwa mara alisimamisha kazi akaenda kufukua kwenye sanduku la magendo ajue ni saa ngapi. Lori lilitolewa na kiwanda cha sabuni kwa masharti mawili: jina la kiwanda lisionekane, kwani hadithi ilikuwa ya uhalifu, na asiliguse mtu yeyote isipokuwa dereva wao. Jina likapakwa chokaa. Dereva akawa mwigizaji.

Alikuwa kijana mrefu, mzuri wa sura, mkimya. Ukimya wake ulikuwa na sababu. Alikuwa na kigugumizi kile cha mlango uliokwama: neno linafika mdomoni, linagonga, halifunguliwi. Kata hakujua mpaka siku ya pili, na alipojua hakujali. Kamera yake ilinguruma kama mashine ya kusaga na hakuna sauti iliyoweza kurekodiwa mbele yake. Maneno yote yangeingizwa baadaye. Kilichotakiwa ni midomo itikisike tu, na ya dereva ilitikisika vizuri ajabu. Pale kizuizini, afande anapouliza amebeba nini, uso wa dereva unakaza, midomo inatetemeka, jasho linamchuruzika shingoni. Gazeti moja liliandika baadaye kwamba kijana yule ameionyesha hofu ya mhalifu kuliko waigizaji waliokwenda shule. Hakuwa anaonyesha hofu. Alikuwa anajaribu kusema "sabuni".

Kazi ya sauti ilifanyika kwenye chumba cha nyuma cha duka la Redio, kuta zimefunikwa kwa magodoro ya familia yake, ambayo kwa wiki tatu ililala kwenye mikeka. Picha ilionyeshwa kwenye shuka, wewe unasimama mbele ya maikrofoni na kusema ukifuata midomo. Waigizaji wengine walikuwa wamesharudi kwenye shughuli zao, hivyo Redio akazichukua sehemu zao moja baada ya nyingine. Dereva peke yake ndiye aliyekuja. Alieleza, na maelezo hayo yalichukua muda, kwamba anataka mke wake amsikie.

Kata akampa alasiri moja. Utepe wa kurekodia uliobaki ulikuwa mmoja tu, hakuna akiba. Dereva alijaribu mpaka shati likamganda mgongoni, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyoharibu, kwa sababu sasa alitakiwa akwame palepale alipokwama siku ya kupigwa picha, na kigugumizi hakifuati ratiba. Jua lilipoanza kushuka Kata akasema, "Basi, kijana, umejitahidi. Redio, rudisha mwanzo."

Redio akaurudisha utepe mwanzo, akabonyeza, akaongea juu yake. Utepe ndivyo ulivyo: sauti mpya haikai kando ya ile ya zamani, inaifuta. Hakuna aliyelifikiria hilo. Walikuwa wamechoka, na walikuwa na njaa.

Palikuwa na tatizo dogo. Kwenye karatasi dereva alikuwa na maneno matatu tu: "Ni sabuni, afande." Kwenye shuka midomo yake ilihangaika kwa sekunde kumi na nne. Redio ikabidi ajaze. Akasema, kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari: "Ni sabuni, afande. Sabuni tupu, nusa ukitaka. Usinicheleweshe, nina mke nyumbani, na mtoto ambaye sijamwona bado." Kata akapiga makofi. Dereva, aliyekuwa amekaa kwenye godoro moja lililokosa ukuta, naye akapiga makofi.

Filamu ilionyeshwa wiki mbili kwenye ukumbi mmoja. Redio alikwenda siku ya kwanza, akakaa safu ya nyuma ya dereva na mkewe, mtoto mchanga amelala mapajani mwa mama. Ilipofika pale kizuizini, na mume akaanza kuongea bila kukwama hata mara moja, mke aligeuka akamtazama aliyekuwa ameketi kando yake. Dereva akainamisha kichwa. Redio aliliona hilo kutoka nyuma, kwenye mwanga wa picha. Tangu siku ile, kila alipowahesabia wateja sauti zake, aliishia kwenye tano na mbwa.

Mtoto alikuwa na miezi saba lori lilipokatika breki kwenye mteremko. Safari hii mzigo ulikuwa sabuni kweli. Mvua ikanyesha juu yake, na barabara ikatoa povu siku mbili. Watu walisema hawajapata kuona ajali safi namna ile. Watu husema mambo.

*

Sasa ruka miaka arobaini na moja. Kata alishafariki, filamu ilishapotea, magodoro yalishaoza. Redio ni mzee wa miaka sabini na mitatu, mgane, anavaa skafu shingoni hata wakati wa joto, na bado anafungua duka saa mbili asubuhi. Mwanawe yuko mji mwingine na wajukuu watatu ambao wanamjua babu kama mtu anayenong'ona. Mdogo wao alidhani ni kwa sababu kuna mtu amelala.

Duka lilikuwa na utaratibu mmoja ambao Redio hakuwahi kuuvunja. Kila kitu kilichoingia kilifungwa kikaratasi kwa uzi. Juu aliandika mwenye kitu ni nani, chini yake ugonjwa, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia mteja. "Ya Mwalimu. Inaongea yenyewe usiku." "Ya Mama Mapacha. Imekasirika." Kikipona, aliongeza neno moja: "Imepona." Kulikuwa na vitu rafuni vya miaka kumi na tisa bila neno hilo, lakini hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwamba hakitengenezeki. Redio alisema fundi anayeandika hivyo ni fundi aliyechoka.

Jirani yake alikuwa mshonaji tuliyemwita Mama Cherehani, mwanamke mwenye mdomo wa watu wanne, ambaye tangu upasuaji alijipa kazi ya kumsemea Redio kwa wateja, mara nyingine hata kabla Redio hajajua anachotaka kusema.

Asubuhi moja aliingia mwanamke wa makamo, amevaa gauni la kazi la buluu, mikono imepauka kwa maji na dawa. Hakusalimia. Aliweka kaseti ya video kwenye kaunta, na juu yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Redio!" Mama Cherehani akaita kutoka mlangoni, tepu ya kupimia shingoni. "Umeletewa barua ya mapenzi. Uzee huu!"

Redio akaifungua. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mtu makini: *Kaseti imekatika ndani. Tafadhali usirekodi juu yake.*

"Ya nini?" akanong'ona.

"Ni fi-fi..." Mwanamke akafumba macho. "Ni fi-"

"Ya figo?" Mama Cherehani akasaidia. "Ya hospitali? Ya fidia?"

Redio akainua kiganja kumnyamazisha. Yeye hakuwa mtu wa kummalizia mwenzake neno. Tangu ujanani alikuwa na sababu, na tangu upasuaji alikuwa na sababu mbili.

"Filamu," mwanamke akasema hatimaye. "Ya za-zamani. Baba yangu yumo."

Redio akachukua kikaratasi na kalamu, kwa sababu mkono wake ulijua kazi hata kama kichwa kimesimama. "Ugonjwa wake?"

"Andika, imekatika pa-pale baba anapoongea."

Akaandika hivyo hivyo.

Alasiri akafungua kaseti kwa bisibisi ndogo. Utepe ulikuwa umekatika, na kandokando ya mpasuko ulikuwa umechakaa, umekwanguka rangi, jinsi unavyokuwa utepe uliorudishwa nyuma mara elfu sehemu ileile. Sehemu nyingine zote zilikuwa kama mpya. Aliunga kwa selotepu nyembamba, akapoteza nusu sekunde, akaiingiza kwenye deki, akawasha televisheni ndogo ya kwenye kaunta.

Lori likaja na chokaa yake mlangoni. Afande akauliza. Dereva akatoa kichwa dirishani.

Miaka kumi na miwili Redio hakuwa ameisikia sauti yake. Kata aliinakili filamu kwenye kaseti chache kabla haijapotea; nakala yake mwenyewe Redio aliiazimisha zamani kwa mtu mwenye adabu, na kama kawaida haikurudi. Mama Cherehani alisema alimkuta amekaa, mkono mmoja kooni, akisikiliza kama mtu aliyepigiwa simu na ndugu aliyedhani ameshazikwa. Hakumsemesha. Kwa Mama Cherehani hilo ni tukio.

*

Kesho yake mwanamke alirudi baada ya zamu. Redio akamwashia ahakikishe. Ilipofika kizuizini, mwanamke akasogea karibu na kioo, na akaanza kuongea pamoja na dereva, neno kwa neno, bila kukwama popote: "Ni sabuni, afande. Sabuni tupu, nusa ukitaka. Usinicheleweshe, nina mke nyumbani, na mtoto ambaye sijamwona bado."

"Huyo mtoto ni mi-mimi," akasema picha ilipopita. Alikuwa anatabasamu. "Nikiongea na baba si-sikwami. Kila asubuhi kabla ya kazi. Mara tano, sita."

"Unafanya kazi gani, binti?"

"Nafua. Ho-hospitali. Mashuka." Akaeleza, na Redio akangoja kila neno mpaka lifike. Kwamba amefua miaka kumi na tisa. Kwamba wanataka kumfanya msimamizi wa dobi, kwa sababu hakuna anayeijua kazi kama yeye. Kwamba msimamizi kila asubuhi husimama mbele ya watu ishirini na sita na kuwaita majina. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi ajibu. "Nataka ni-nizoee kwanza. Mama alikuwa anasema nitaacha tu. Amefariki mwaka huu, sijaacha. Sijui nimetoa wapi ki-kilema hiki, mzee wangu. Baba alikuwa anaongea kama re-redio."

"Umeona!" Mama Cherehani akasema. "Hata marehemu anakujua."

"Angekuwa hai," mwanamke akasema, na hakucheka, "angeniona aibu."

Hapo ndipo. Redio baadaye alimwambia Mama Cherehani kwamba laiti yule binti asingeyasema maneno yale manne, angemfungia kaseti yake kwenye mfuko, akamwambia imepona, mambo yakaisha. Alikiri pia, kwa sababu alikuwa mtu wa kupima vitu, kwamba hakuweza kujua ni kiasi gani kilikuwa huruma, na ni kiasi gani kilikuwa mtu aliyeisikia sauti yake ikiitwa jina la mwingine na akataka kuidai.

"Baba yako alikuwa na kigugumizi," akanong'ona.

"Na-nani?"

"Baba yako. Kikubwa kuliko chako."

Mwanamke akacheka. "Mzee, si umemsikia hapo?"

"Uliyemsikia ni mimi."

Akaitazama skafu. Akautazama uso wa mzee, kisha ile skafu tena. "Wewe," akasema, kama mtu anayemhurumia mlevi.

"Lo, Redio," Mama Cherehani akasema kwa sauti ya chini. "Leo nyamaza."

Redio hakubishana. Akairudisha kaseti nyuma, akafunga sauti kabisa, akasimama kando ya televisheni akiwa amewaelekea wao, mgongo kwenye picha. Hakuitazama. Lori lilipofika akaanza, kwa mnong'ono ule wa karatasi, na kila neno likaangukia kwenye midomo ya dereva, na kila alipovuta pumzi dereva alivuta pumzi. Palikuwa na kituo kidogo baada ya "nina mke", kituo kisicho na maana yoyote, ambacho mwanamke alikuwa amekifuata kila asubuhi miaka mingi bila kujua kwa nini kipo. Redio akatua hapohapo, akameza mate, akaendelea.

Picha ikapita. Kwenye kioo rafiki msaliti alikuwa anazungumza na tajiri, kimya.

"Mama alikuwa anatoka," mwanamke akasema. Alisema polepole, akiyatoa maneno moja moja. "Kila nikiweka hii sehemu, anatoka. Anasema anakwenda ku-kuangalia jiko. Nilidhani ni ma-majonzi." Akaigeukia picha. "Jiko lilikuwa limeshazimwa."

Redio akavuta stuli, akakaa.

"Na yale maneno ya mtoto?"

"Niliyaongeza mimi."

"Kwa nini?"

Angeweza kutafuta jibu jingine. Alikuwa amejibu maswali ya kifundi maisha yake yote, na akajibu kama fundi. "Midomo ilibaki."

Mama Cherehani alifumba macho. Redio naye akalisikia neno lake lilivyotua, akajaribu kulikimbilia. "Lakini aliniambia. Wakati wa kula. Alisema mke wake ana mimba, na yeye anataka wa kike. Ilimchukua chakula chote kulisema hilo, kikapoa, na hakuacha mpaka kalimaliza. Sikulitunga. Nililipunguza tu."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka pembeni aufungue baadaye. Kisha akauliza lile ambalo Redio alikuwa analingoja. "Ye-yeye mwenyewe hakurekodiwa? Hata ki-kidogo?"

"Alasiri nzima."

Uso wake ulifunguka. Mama Cherehani anasema hajawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka namna ile, na hataki kuuona tena. "Iko wapi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya uongo mzuri. Uliungua. Uliibwa. Kata aliondoka nao. Redio akaionyesha kaseti kwa kidole.

"Utepe ulikuwa mmoja," akanong'ona. "Niliongea juu yake."

Mwanamke aliichukua ile karatasi aliyokuja nayo jana, ambayo Redio alikuwa ameiacha kwenye kaunta. Aliisoma mwenyewe, mwandiko wake mwenyewe: tafadhali usirekodi juu yake. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akabonyeza deki, kaseti ikatoka, akaisukuma taratibu juu ya kaunta mpaka ikagusa mkono wa mzee.

"Basi hii ni ya-yako," akasema, akatoka.

*

Redio hakuiweka tena kwenye deki. Mtu angedhani angefanya hivyo asubuhi na jioni. Aliiweka rafuni, akafungua uzi, akakitoa kikaratasi cha zamani, akaandika kingine. Mama Cherehani alikisoma siku alipokwenda kuazima mkasi: "Ya Dereva. Haina sauti yake. Haitengenezeki."

Ile kazi ya usimamizi mwanamke hakuipata, kwa kuwa mwisho wa mwezi ulifika akiwa hajajibu, na ofisi husikia kimya kama jibu. Kazi akapewa binti mmoja anayeongea haraka sana, ambaye hata leo watu hawajaelewa alichosema siku ya kwanza.

Miezi minne baadaye alipita dukani na pasi ya umeme. Hakuleta karatasi. Aliiweka kwenye kaunta, akavuta pumzi, akautaja ugonjwa wa pasi mwenyewe: "I-i-inapiga sho-shoti." Hakufumba macho wakati wa kukwama. Alimwangalia mzee moja kwa moja, kama anayemwonyesha kitu, na mzee akangoja mpaka mwisho. Akaandika: "Ya Binti wa Dereva. Inapiga shoti." Hawakusema jingine, isipokuwa "Ijumaa" na "haya".

Jumatano Redio alilazwa. Uvimbe ulikuwa umerudi kudai kilichobaki. Alilala hospitali ileile siku kumi na moja, kwenye mashuka yaliyofuliwa na mtu anayemjua, ingawa dobi hawaandikiwi nani kalalia nini. Hakuna aliyempelekea mwanamke habari, hata Mama Cherehani, ambaye kwa mara ya pili maishani mwake alikuwa amekosa la kusema. Redio alifariki asubuhi, wakati wa kubadilisha mashuka.

Mwanawe alikuja kufunga duka. Ni mtu mzima, mpole, mwenye haraka. Alikuwa na ruhusa ya siku nne kazini. Mama Cherehani alimsaidia kusoma vikaratasi na kuwaita wenye vitu. Mwalimu alichukua redio yake iliyokuwa inaongea yenyewe. Siku ya tatu mwanamke wa gauni la buluu akaja kuulizia pasi. Kikaratasi kilikuwa na mstari wa mwisho, umeandikwa Jumanne ile, siku moja kabla ya kulazwa: "Imepona."

Mwanamke alikuwa anaiweka pasi kwenye mfuko, mtoto wa Redio alipoishusha kaseti kutoka rafuni. Akasoma. "Hii imeandikwa haitengenezeki. Ni ya kutupa?"

"U-usi..."

"Ni yako, dada?"

"Ha-ha-"

"Ya mteja mwingine?"

"Mwache amalize!" Mama Cherehani akasema, kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe.

Wakangoja. Nje watu walikuwa wanapita na shughuli zao, na mwanamke alisimama na pasi yake mkononi, akakwama, akakwamuka.

"U-uso ni wa ba-baba yangu," akasema. "Sa-sauti ni ya ba-ba-baba yako."

Mtoto wa Redio akaitazama kaseti, akaigeuza, akaigeuza tena. Televisheni ndogo ilikuwa bado kwenye kaunta, haijafungashwa. Mwanamke ndiye aliyeiwasha, yeye ndiye aliyejua mahali, akaiingiza kaseti kwenye deki, akaipeleka mbele bila kuangalia namba.

Lori likaja na chokaa yake. Afande akauliza amebeba nini, na kwa neno lile la kwanza tu mtoto wa Redio akashika ukingo wa kaunta, kwa sababu baba yake alikuwa akimwita hivyo hivyo, kwa sauti ileile, kila alipochelewa kurudi kutoka shule. Dereva akatoa kichwa dirishani. Midomo ikaanza kutetemeka. Mwanamke hakuisema pamoja naye safari hii. Alisogea mbele akaiangalia midomo tu, akihesabu mahali ilipokwama, moja baada ya nyingine, mpaka lori likaondoka.

Wakati wote huo hakuna aliyetoka kwenda kuangalia jiko.